Chupa ya Saba

Sita nimezimwaga kwenye sinki la chini ya ngazi,
hapa Tbilisi, mtaa wa Sololaki, ambako paka wa jirani
amejifunza kupiga chafya kila nifunguapo mlango.
Ya kwanza ilinuka sabuni ya hotelini.
Ya tatu ilikuwa msonobari, msonobari mtupu,
kama teksi iliyooshwa kwa ajili ya harusi.
Ya sita, karibu. Lakini karibu si kufika,
na mlima haujui karibu.

Nilitaka theluji, na theluji haina harufu;
huibiwa kwa hila: tone la mnanaa, chuma kidogo,
kitu cheupe cha maabara chenye jina refu kama treni.
Nilitaka jiwe likilowa. Nilitaka mreteni,
uwatu wa buluu uanikwao darini kwetu Svaneti,
sufu ya kondoo iliyonyeshewa ikasogezwa jikoni,
na chini kabisa, pale riha inapobaki
wageni wakishaondoka,
kitu nisichokijua jina, nikakitafuta kwa pua tu,
macho nimefumba, kama apapasaye kiberiti gizani.

Usiku mmoja wa Februari kikaja.
Utomvu mbichi. Jiwe lililosagika. Baridi ya kuuma meno.
Nikaandika vipimo nyuma ya bili ya gesi,
mkono unatetemeka.

Chema chajiuza. Bwana mmoja wa Vienna
alinusa kifundo chake, akanyamaza, akanusa tena,
akasema, "Humu ndani mna amani."
Akachukua tatu. Mwenye duka akataka arobaini.
Nikaagiza vizibo vya mbao ya mjozi,
lebo nyeusi yenye mnara wa mawe,
nikapanda gari la Malkhaz muuza jibini,
mwendo wa saa tisa, kona juu ya kona,
nimpelekee Shangazi Lamara ya kwanza kabisa.

Alikuwa anakamua. Hakunawa.
Alikinusa kizibo kama anavyonusa maziwa
anayoyashuku. Kisha akaketi juu ya ndoo tupu.

"Nani amekupa hii?"
Hakuna, nikasema. Nimeitunga.
"Hii haitungwi. Hii ilishuka.
Ulikuwa na miezi kumi na minne, nimekufunga mgongoni
kwa shali ya mama yako.
Mlima hauna harufu, Tsiala. Siku zote hauna.
Asubuhi ile ulinukia. Si kabla ya ngurumo, baada,
kimya kilipotua. Miberoshi elfu imevunjika kwa pamoja,
mawe yamesagana unga, na bonde zima
linanukia vizuri, vizuri mno,
kama sikukuu. Nikaichukia pua yangu.
Siku tatu tulichimba ndani ya harufu hiyo
mpaka tukamfikia."

Ng'ombe akageuza kichwa.
Neno lenyewe nililijua, maporomoko;
kwetu lilipita mezani haraka, kama chumvi.
Harufu yake hakuna aliyenisimulia.
Pua iliiweka yenyewe, miaka thelathini na miwili,
bila stakabadhi.

Nitaimwaga, nikasema. Sinki lajua njia.
"Lari ngapi?" akauliza.
Nikamtajia. Akacheka hadi ndoo ikalia chini yake.
"Kwa bei hiyo ningepata ndama, na kamba yake!"
Akajifuta macho kwa kiwiko.
Kisha akatia tone moja, si shingoni, si kifundoni,
bali ndani ya kitambaa cha kichwa,
akakifunga tena, akarudi kwenye chuchu za ng'ombe.

Mwenye duka amepiga simu mara mbili.
Anataka mstari mmoja wa kuchapa chini ya mnara:
wateja hupenda kujua kilichomo.
Nimemwandikia: mreteni, uwatu, sufu, jiwe.
Kimoja nimekiacha.

Ameuliza jiwe lipi, la mtoni au la kileleni.
Sijamjibu.